Bomba la Chini na Gauni za Kwaya

Sisi watu wa ziwani hatufundishwi samaki. Tufundishe kompyuta, tufundishe kuendesha gari, hata kupika githeri tutakubali, lakini samaki, hapana. Ndiyo maana sikumwambia mtu yeyote kijijini kwamba aliyenifundisha kuwapoza samaki wangu alikuwa mzee wa viazi kutoka mlimani.

Nyumbani kwetu ni pale Kisumu inapoanza kupanda vilima. Juu ya boma kuna bwawa linalotumiwa na kijiji kizima, na chini yake kuna kidimbwi cha samaki aina ya ngege alichochimba baba. Baba ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga maji ya bwawa. Yeye na mama walipotutoka, mmoja nyuma ya mwingine, gurudumu la kufungulia maji liliniangukia mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili na nilikuwa nauza samaki soko la Kondele. Nyuma yangu walikuwa wawili: dada mwenye mdomo usiolala, na kaka yetu wa mwisho, ambaye aliwapa samaki wa kidimbwi vyeo vya shuleni. Mkubwa kuliko wote alikuwa Mwalimu Mkuu.

Baada ya mazishi baba mdogo alikuja kutoka Asembo Bay akiwa na mpango. Mvulana angekwenda kwake, dada angekwenda kwa shangazi Luanda Kotieno, mimi ningebaki na nyumba. Hakuwa mtu mbaya. Aliona watoto watatu na sufuria moja, akapiga hesabu yake. Nilimwambia kidimbwi kitatulisha. Akakitazama, akalitazama jua la Januari, akacheka.

"Nyar omera," akaniita, yaani binti wa ndugu yangu, "hawa hawafiki mvua. Kila kiangazi baba yako alikuwa anawaokota wakielea."

"Na wakifika?"

"Wakifika, na mmoja akaingia kwenye sahani yangu, watoto wanabaki hapa. Wasipofika, nakuja na gari."

Kiangazi kilikuja kana kwamba kimetumwa na yeye. Kufikia saa nane mchana maji ya kidimbwi yalikuwa kama chai iliyosahauliwa mezani, na ngege walipanda juu wakipanua midomo. Nilifungua maji ya bwawa kuwasaidia. Bwawa lina mabomba mawili, la juu na la chini. Sote tulitumia la juu, kwa sababu maji yake ni safi, lakini hayo ndiyo yaliyopigwa na jua siku nzima. Nilikuwa nawaongezea samaki chai.

Sokoni jirani yangu alikuwa mzee mmoja wa viazi. Aliniona nimeshika tama.

"Mama Samaki, leo umefiwa na nani?"

"Bado. Wanasubiri joto liwamalize."

Nilipomweleza, alisimulia kwamba kwao, chini ya Mlima Kenya, kuna mto wenye samaki wanaoitwa trauti, samaki wa madoadoa wanaotaka baridi kuliko askofu anavyotaka heshima. Juu ya mto ule kuna bwawa kubwa, na miezi ya joto wasimamizi wake hufungulia maji ya chini kabisa, ambayo jua halijayafikia, ili mto ubaki baridi.

"Mzee," nikamwambia, "wewe unanifundisha samaki mimi?"

"Mimi nakufundisha maji. Samaki endelea nao."

"Umewahi kula hata huyo trauti?"

"Hapana. Ana sura ya mtu anayekudai."

Jumamosi iliyofuata, bila kumuuliza mtu, nililizungusha gurudumu la bomba la chini. Lilikuwa limekaa sana bila kuguswa na lilipiga kelele kama mbuzi. Yakatoka maji baridi hadi nikacheka peke yangu. Kisha ikaja harufu. Kwanza nilidhani ni kitu kimefia majanini. Yalikuwa maji yenyewe, maji yaliyolala juu ya matope miaka mingi, yananuka kama trei ya mayai mabovu.

Kilichonitoka akilini ni kwamba Jumamosi ndiyo siku ambayo akina mama wa kwaya hufua gauni zao mferejini, kati ya bwawa na kidimbwi. Walikuwa wanazisuuza mara ya mwisho. Waliposikia harufu, kila mmoja alimtazama mwenzake kwanza, kwa adabu. Ilipita muda kabla ya mtu kutazama maji.

Kesho yake kwaya iliingia kanisani ikiimba na safu mbili za mbele zikahamia nyuma. Mchungaji alifupisha mahubiri. Nje, kiongozi wa kwaya alinisubiri mlangoni.

"Wewe, msichana wa maji! Hiyo ni nini umetufanyia?"

"Mama, nilikuwa napoza samaki."

"Samaki! Sisi tumenuka ili samaki wasikie baridi?"

Dada yangu akaingilia, "Lakini Mama, mliimba vizuri. Watu walikuwa wanalia."

Ilibidi nimkanyage mguu.

Laiti samaki wangefurahi, ningevumilia. Lakini tulipofika nyumbani walikuwa juu ya maji wengi kuliko jana, wanahema, na wachache walikuwa wamegeuza tumbo. Kaka yetu alimwokota mmoja kwa mikono miwili. "Huyu ni Mwalimu wa Hesabu," akasema, na hakulia, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Nilifunga bomba. Nikaanza kufikiria ni nguo zipi za mtoto ziende Asembo na zipi bado zinahitaji kushonwa.

Jumatatu nilimfikia mzee wa viazi kabla hajashusha gunia. "Maji yako yameua!"

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua kofia. "Yananuka? Basi hayana hewa. Kwetu maji yakitoka kwenye bomba yanaanguka kwanza kwenye mawe makubwa, yanatoa povu mpaka huwezi kusikia mtu. Mimi nilidhani mawe yale ni mapambo."

"Mapambo!"

"Mama, mimi ni mtu wa viazi."

Alifunga kibanda mapema akaja nyumbani nami, na viazi vya kuombea msamaha. Tulijenga ngazi kwenye mfereji kwa mawe, matofali yaliyovunjika na mabati ya choo cha zamani, tukatoboa jerikani kuukuu na kuzitundika ili maji yapite yakichuruzika. Dada aliita ule mtambo Hoteli. Maji yaliingia juu yakinuka, yakarukaruka, yakagongana, na kufikia chini yalikuwa baridi na harufu imebaki kidogo tu. Safari hii nilifungua taratibu, nikayachanganya na ya juu. Samaki walisita, kisha wakaanza kukusanyika penye povu, wakishuka na kupanda kama watoto penye mvua.

Na akina mama niliwaendea mwenyewe. Tulikubaliana: asubuhi bomba la juu, la kufua na la ng'ombe; jua likisimama wima, bomba la chini, la samaki. Kiongozi wa kwaya alitaka kengele ipigwe kabla ya kila badiliko. Kwa kuwa saa hizo mimi niko Kondele, nilimfundisha dada gurudumu, na kaka yetu akapewa rimu la gari na nyundo. Siku za shule walikimbia nyumbani saa ya chakula kufanya hivyo. Hawakukosa hata mara moja, na rimu lilipigwa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mawingu ya mvua yalipoanza kujikusanya juu ya ziwa, baba mdogo alikuja. Alikuja na gari kweli, pikapu ya kuazima, na kamba za kufungia godoro. Tulivuta wavu mbele yake na ngege wakaja wakirukaruka. Kaka yetu aliomba Mwalimu Mkuu aachwe, tukamwacha. Dada alimkaangia baba mdogo samaki aliyefuata kwa unene, akamwekea na ugali, huku akimsimulia yote, hata habari za mzee wa viazi.

Alikula akiwa ameinama. Sisi watatu tulisimama. Alipofika kwenye kichwa cha samaki, kaka yetu akashindwa kuvumilia.

"Baba mdogo, kwa hiyo tunaenda?"

Baba mdogo aliinua kidole. Kulikuwa na mwiba mdomoni. Tuliungoja ule mwiba kwa heshima ambayo hakuna mwiba umewahi kupewa. Aliutoa, akauweka pembeni ya sahani, akaligeukia bwawa.

"Huyu akiwa sokoni," akasema, akinielekezea kidevu, "maji yanafunguliwa na nani?"

"Mimi," dada akasema.

"Na kengele ni yangu," kaka akasema.

"Sasa nikiwabeba, nani atafungua? Huyo mzee wa viazi?" Alisonya, akaisogeza mbele sahani ya ugali iliyokuwa tupu. "Ongezeni. Na hizo kamba, mtoto, zirudishe kwenye gari."