Nimeiga Tu, Bwana

Mafundi bati wa Temeke walikuwa na adabu yao: kazi yako ikisifiwa, hujisifu. Unasema, "Nimeiga tu," kumheshimu aliyekufundisha. Adabu nzuri, sikatai, lakini ndiyo iliyommaliza Mfaume.

Mwaka 1947 Mfaume alibuni jiko la mkaa lenye kuta mbili za bati, katikati kajaza majivu ili moto usipotee. Alihangaika nalo miezi saba. La kwanza lilifumuka likamuunguza mkewe, Chausiku, mkono mzima. La tano likaivisha maharage kwa kopo moja la mkaa, na wanawake wakaligombania. Jiko hilo ndilo lililomlisha Mfaume na mkewe.

Miaka minne baadaye ikaja kampuni ya mjini na hati ya Uingereza, ya mwaka 1949. Karani wao akamsomea: kila jiko la bati lenye kuta mbili, katikati kuwe na majivu, udongo au hewa tupu, ni haki ya kampuni peke yake kwa miaka kumi na sita. Hewa tupu! Hata pumzi ya Mungu wameiandikisha.

Kampuni ikamshtaki. Mahakamani hakimu alimuuliza kwa upole, kupitia mkalimani, "Kama ulilitengeneza kabla ya hati hii, hati haikufungi. Nani alilibuni?"

Mfaume aliona mafundi wenzake wamejaa nyuma, wanamtazama. Akainamisha kichwa.

"Nimeiga tu, bwana."

Mkalimani akatafsiri neno kwa neno, hakimu akaandika. Mfaume alipomwona wakili wa kampuni anatabasamu ndipo akashtuka, akapiga kelele kwamba sivyo alivyokusudia. Maji yakimwagika hayazoleki. Akapigwa marufuku kutengeneza jiko lile.

Nyumbani alikaa chini kama mfiwa, akamwambia mkewe, "Mama Hija, tumekwisha. Hati ikimalizika mie nina miaka sabini na ushei, na watu watakuwa wameshazoea kuliita jiko la kampuni. Nani atanikumbuka?"

"Kwani walikuuliza nini?"

Akamweleza, na jibu alilotoa.

Chausiku akapandisha mkono wa gauni, kovu likaonekana toka kiwiko mpaka kiganja.

"Na hili, Baba Hija, uliliiga kwa nani?"

Mfaume akalia.