Mahindi ya Mirihi

Mwalimu mwenzangu aliandika riwaya, na mimi sikumpenda. Alihamishiwa shuleni kwetu Karatu kutoka Tanga, mwanzoni mwa miaka ya themanini, na kila aliposhika chaki alijiona yuko jukwaani. Mchapishaji wa Dar alimwandikia kwamba hataitazama hadithi yake mpaka mwalimu wa sayansi athibitishe kwa saini kuwa yaliyomo yanawezekana. Mwalimu wa sayansi pale alikuwa mmoja tu, mimi.

Niliisoma siku mbili nimekunja uso. Watu wanatua Mirihi, wanamwaga maji, wanapanda mahindi, na kwa masika moja tu sayari nzima imekuwa kijani. Upuuzi mtupu! Hewa ya kule ni nyembamba mno. Maji yangechemka yakiwa bado baridi, yakapotea. Na hata ukiipelekea hewa, sayari yenyewe ni ndogo, haina nguvu ya kuishikilia. Nilijaza wino mwekundu pembeni, nikafurahi sana.

Nyumbani, kijijini Daa, nikamsimulia mama, nikitaka tucheke pamoja. Alikuwa anazoa samadi upande wa ndani wa nyumba wanakolala ng'ombe. Hakucheka.

"Hao watu wako, mwanangu, ng'ombe waliazima kwa nani?"

Kwetu asiye na ng'ombe hupewa wa mwenzake amtunze: maziwa na samadi ni vyake, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Kile kipande cha nyuma ya nyumba tulichokuwa tukichumia maharage zamani kilikuwa korongo jekundu lisiloota kitu. Mama alikijaza samadi ya ng'ombe wa jirani kwa miaka kumi na miwili. Na mimi, msomi, nilisahihisha hewa na maji, udongo nikausahau.

Kesho yake nikalitoa swali lile ofisini, mbele ya walimu wote, kama langu.

"Umepeleka jembe Mirihi bila samadi! Mwalimu, hapa hata mtoto wa darasa la pili hakosei hivyo."

Wakacheka. Yeye hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Hilo umelijulia wapi?" aliuliza. Ikanitoka kwamba ni mama.

Jumamosi akaenda Daa na daftari, na Jumamosi nyingine nyingi. Mama akamweleza mambo ambayo mimi hakuwahi kunieleza, kwa kuwa sikuwahi kumuuliza. Nilimwonea wivu, sisemi uongo.

Baada ya mwaka akaniletea hadithi mpya. Sasa watu waliishi kwenye nyumba zilizofungwa kabisa, wakijitengenezea hewa kidogo kidogo. Ng'ombe wao wachache waliazimwa kutoka nyumba hii hadi ile. Mama mmoja kati yao, aliyeanzisha shamba, alikufa kabla halijatoa debe moja. Waliokula ni wajukuu. Niliisoma mara tatu nikitafuta kosa. Sikulipata.

"Vipi, Mwalimu?"

"Bado haiwezekani," nikamwambia, nikamrudishia bila saini.

Aliniamini. Akaifungia kabatini, na hakuandika tena.