Yaya kwa Herufi Kubwa

Persis Nyakerario hajawahi kukimbia deni lake. Muulize yeyote pale soko la Daraja Mbili, anakouza sweta za mitumba, ataapa. Akichukua robota la nguo kwa mkopo kwa Akumu, yule mama wa Homa Bay anayeuza kwa jumla, yeye mwenyewe ndiye humfuata na kalamu. Akumu hucheka. "Mama Joyline, kwani mimi sikuamini?" Naye Persis humjibu, "Niamini, lakini nikifa leo utamdai nani? Kaburi?" Kisha huandika deni, akatia jina lake kamili na tarehe.

Sasa mtu wa namna hiyo umwendee umwambie alipe deni la Haron! Haron ni shemeji yake, ndugu ya marehemu mumewe, mwanamume wa maneno matamu na mfuko uliotoboka. Alikopa kwenye kampuni moja ya mikopo mjini, akanunua pikipiki, akaiuza, kisha akaingia mitini. Kwenye fomu alikuwa ameandika jina na nambari ya simu ya Persis kama mtu wa kuulizwa habari zake. Kuulizwa habari, basi. Lakini kampuni ilipomkosa Haron ikamgeukia mjane.

Simu zikaanza. Asubuhi simu, kanisani simu. Siku moja aliipokea akiwa na mteja, na sauti ya kijana ikamuuliza, bila hata salamu, kama atalipa deni la Haron.

"Yaya," akasema Persis. Akikasirika, Kiswahili humtoroka, na kwa Kikisii hiyo ni hapana, tena hapana isiyo na mjadala.

"Ah, kumbe ni yaya," kijana akasema. "Sawa yaya, mpatie mama mwenye nyumba simu."

Persis alicheka mpaka mteja akasahau kuomba kupunguziwa bei.

Wiki iliyofuata kijana akaja mwenyewe, viatu vinang'aa, beji kifuani: Brandon Nyamongo. Nyamongo, jina la Kikisii! Persis akamsalimu kwa lugha ya nyumbani, "Bwakire buya," kijana akabaki amekodoa macho. Amezaliwa Nairobi, akasema, babake ndiye wa Nyamira, yeye Kikisii hajui hata kidogo. Kisha akatoa karatasi iliyoandikwa Kiingereza.

"Ni kawaida tu, mathe. Weka saini hapo chini na hakuna mtu atakusumbua tena."

Thubutu! Persis aliisoma yote, polepole, huku kijana akitazama saa. Alimaliza kidato cha nne huyu mama, msimchezee. Karatasi ilisema kwamba anakubali yeye ndiye mdaiwa, na kwamba asipolipa, bidhaa zake zitachukuliwa. Akayatazama marobota yake. Hayo ndiyo karo ya Joyline chuoni, ndiyo unga, ndiyo kila kitu alichobaki nacho tangu amzike mumewe. Hasira ikampanda. Alitaka kuirarua ile karatasi. Halafu akakumbuka ile simu ya mama mwenye nyumba.

"Unataka jibu langu kwa maandishi?"

"Hiyo tu, mathe."

Akachukua kalamu, na pale penye nafasi ya saini akaandika kwa herufi kubwa: YAYA.

Brandon akaitazama. "Hivi ndivyo wewe huweka saini?"

"Hilo ndilo jibu langu. Wapelekee wakubwa wako."

Kijana akaikunja karatasi, akashukuru, akaenda zake ameridhika kabisa. Haya, uende salama.

Aliporudi alikuja na pikapu na wabebaji wawili. Watu wakajaa. Wabebaji walikuwa wameshika robota la kwanza Persis alipolikalia. Haki ya Mungu, alilikalia, akakunja mikono! "Mtanibeba pamoja nalo! Mwiteni mwenyekiti!" Akumu akaacha bidhaa zake, akaja akaketi kando yake.

Mzee Ochoki, mwenyekiti wa soko, alifika akaomba kuona karatasi.

"Amekubali deni, mzee," Brandon akasema. "Saini yake hiyo hapo."

Ochoki akavaa miwani. Akasoma kimya, midomo ikaanza kumcheza. "Kijana, umesoma hapa chini?"

"Nimesoma."

"Unaitwa Nyamongo na hujui neno hili?" Akawageukia watu, akalisoma kwa sauti. "Yaya!"

Soko likaangua kicheko. Hata wabebaji, vijana Wakisii wa Nyakoe, waliliachilia robota wakashika mbavu. "Bosi," mmoja akamwambia Brandon, "huyu mama amekataa."

Jasho lilimtoka kijana wa watu. "Umenidanganya, mathe! Ungeandika kwa lugha inayoeleweka!"

"Inayoeleweka na nani? Wewe umeniletea Kiingereza, nami nimekujibu kwa Kikisii. Nilikuambia ni jibu, ukaona ni saini. Haron mtafuteni, pesa mlimpa nyinyi. Na mkitaka twende kortini, twendeni, lakini karatasi hiyo msiisahau!"

Wabebaji walikuwa wamekwisha kupanda pikapu, tupu vilevile ilivyokuja, naye Brandon akawafuata.

"Wewe, njoo kwanza," Persis akamwita. Akaja shingo upande.

Asubuhi ile Akumu alikuwa amemletea robota jipya, ambalo deni lake lilikuwa halijaandikwa bado. Persis akatoa karatasi, akaandika anachodaiwa na siku atakayolipa. Chini akatia jina lote, Persis Nyakerario. Akamkabidhi Akumu, lakini kwanza akaipitisha mbele ya macho ya kijana.

"Tazama vizuri, mwanangu. Mimi nikikubali, huandika hivi."