Wa Kummwagia Bibi Maji

Kosa la Marziya lilikuwa furaha. Angeufyata ulimi, mama yake angeendelea kuamini kwamba binti anasoma historia pale chuo kikuu, historia ya watu wowote wale, na nyumba ingekaa salama. Lakini msichana alikuja mezani na neno lake jipya la Kiebrania kama mtoto aliyeokota peremende.

"Mama, Mayahudi nao wanaosha maiti wao kama sisi. Na unajua kule kuosha wanakuitaje? Tahara! Si twahara yetu hiyo?"

Mama akauweka chini mkate aliokuwa akiupaka siagi. Tangu Dar es Salaam mpaka hapa Markham, Kanada, yeye ndiye aliyewaongoza wanawake wa jumuiya yao ya Shia kuwaosha wenzao waliokufa, na kazi hiyo hakuna aliyethubutu kumfundisha.

"Baba yako anajichosha dukani ili wewe ukajifunze Uyahudi?"

"Historia yao tu, Mama. Na lugha yao."

"Basi wakakulishe wao."

Kuanzia hapo chakula kililiwa kwa kununiana. Chuoni nako hakukuwa na nafuu: mwanafunzi mmoja wa Kiyahudi aliutazama mtandio wake wee, mwishowe akamwuliza waziwazi ametumwa na nani. Marziya alimchukia papo hapo. Alimchukia na mama pia, maana wote wawili walimshuku kama mwizi. Hakuacha somo. Sasa alilisoma kwa kisirani.

Bibi yake, mama mzaa mama, aliyekuwa mgonjwa kitandani, ndiye pekee aliyetaka kuonyeshwa zile herufi. "Zinatoka kulia kama zetu," alicheka. Jioni moja akasema mbele ya wote, "Siku yangu ikifika, maji animwagie Marziya."

Bibi alifariki Februari. Marziya alifika kituo cha jumuiya ameshatawadha, mikono ya gauni ameikunja. Mama akamzibia mlango wa chumba cha kuoshea.

"Wewe huingii."

"Bibi alisema mwenyewe!"

"Bibi hakujua mikono hiyo inaandika nini."

"Alijua. Nilimwonyesha, na alifurahi."

Hilo lilimchoma mama kuliko yote. Uso ulimbadilika, ukawa mgumu wa kutisha. Nyuma yake akachungulia Zebunissa, shoga yake wa tangu utoto, akasema majani ya mkunazi ya kuoshea yalikuwa yameshatiwa majini, wa kumwaga hayupo.

"Mwache mtoto aingie, dada. Ndiyo wasia wa marehemu."

"Nitamwaga mwenyewe."

Marziya alilia kwa hasira bila kujificha. "Haya. Binti huna mwingine ila mimi. Siku yako ikifika, Mama, nani atakuosha?"

Mama hakuhitaji kufikiri.

"Zebunissa," alisema. "Nilishamwambia tangu mwaka jana."

Zebunissa akatazama sakafu, na mlango ukafungwa.