Rudi na Moshi

Asali sikuisomea. Shule niliishia njiani, mwalimu wa hesabu akaniambia nikachunge mbuzi, na leo huyo mwalimu akitaka asali safi lazima apige hodi getini kwangu Ilembo. Nilianza na baiskeli, dumu huku na dumu huku, nikitoka Ugalla kuja Mpanda mjini huku nyuki wengine bado wananifuata. Leo nina mizinga msituni ambayo nikikutajia idadi yake utasema natania. Nina lori, nina kirikuu, kile kigari kidogo cha kusambazia mzigo, nina nyumba ya vigae, na mashine ya kuchujia asali ambayo wageni huja kuipiga picha. Sikurithi hata kijiko. Haya nayasema mwanzoni kwa sababu nikifika huko mbele sitakuwa na nguvu ya kujisifu.

Mke wangu nilimtoa Kasokola, kwa watu wa mahindi na karanga. Alikuwa anaimba kwaya. Wenzake walikuwa wanapiga kelele za furaha juu huko, yeye sauti yake ilipita chini, nzito, inakwenda polepole kama mtu aliyebeba ndoo kichwani na hataki maji yamwagike. Nilikwenda kanisani kuuza nta kwa ajili ya mishumaa, nikamsikia, nikarudi Jumapili iliyofuata bila nta.

Tukazaa, tukajenga. Yeye ndiye aliyekuwa pua ya biashara yangu. Ukimletea asali anafungua kifuniko, ananusa, anakuambia hii ya maua ya miombo, hii imetoka upande wa mtoni, na hii baba watoto umeuziwa, ina sukari ndani. Hakukosea. Mashine yangu haijui mambo hayo.

Sasa ikaja habari ya tangazo. Wafanyabiashara wa asali tulikuwa tumeongezeka mjini, kila mtu na vichupa vyake, nikasema mimi siwezi kulingana na watu wa vichupa. Nitafunga spika juu ya kirikuu, nipite mitaa yote na wimbo wangu mwenyewe. Mpiga kinanda wa kwaya yao alikuwa na studio nyuma ya saluni ya mkewe, chumba kidogo, ukutani amebandika trei za mayai. Nikamlipa, nikamkalisha mke wangu mbele ya kipaza sauti, na mimi nikakaa kwenye kiti kama mwenye mali.

"Mama, anza na asali ni tamu," mpiga kinanda akamwambia. "Halafu taja Ugalla, halafu taja duka."

"Utamu wa asali hauimbwi," mke wangu akasema. "Unalambwa."

"Sasa tutaimba nini?"

"Nyie tulieni."

Akaimba. Hakutaja duka. Aliimba mwanamke ambaye mumewe yuko msituni anarina asali, siku zinapita, na yeye hataki hela wala dumu, anataka tu aione ile nguo inayonuka moshi ikiingia mlangoni. Kiitikio chake kilikuwa hivi: *Rudi na moshi, nitafua mimi. Rudi na moshi, usirudi na sifa.* Na kila alipofika kwenye "moshi" sauti ilikwaruza, ikapasuka kidogo, kama kitambaa kilichonasa kwenye msumari, halafu ikaendelea.

Mpiga kinanda alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikasirika.

"Hili ni tangazo au ni msiba?"

"Umelipia wimbo," mke wangu akasema akivaa kandambili zake. "Wimbo ndio huo."

Kweli nilikuwa nimelipia, na mimi kitu nilicholipia sikiachi. Nikaupiga hivyo hivyo kwenye kirikuu. Siku ya kwanza sokoni mwanamke mmoja muuza mchele akaisimamisha gari kwa mikono miwili. Nikafurahi, nikachukua chupa.

"Asali yako kaa nayo, baba," akasema. "Huo wimbo unauzwa?"

Ikawa hivyo mtaa kwa mtaa. Vijana wa bodaboda wakauomba kwenye simu zao. Redio ya hapa mjini ikaupiga asubuhi, ikaupiga tena mchana kwa sababu watu walipiga simu. Kabla mvua haijaanza nilikuwa Tabora kwa shughuli zangu, nimekaa mgahawani nakula chipsi, nikamsikia mke wangu juu ya kichwa changu, kwenye redio ya Dar es Salaam. Mtangazaji akasema muziki huu ndio unaitwa soul, akasema sikilizeni sauti hiyo inavyokwaruza, hapo kwenye moshi, huyu mama anaimba na roho yake yote, hiyo kitu huwezi kufundishwa. Nikamwambia mhudumu, huyo ni mke wangu. Akaniangalia, akaangalia viatu vyangu vyenye nta, akacheka. Nikampigia mke wangu simu hapo hapo, nikaweka spika, nikasema, "Mama watoto, msalimie huyu dada." Mgahawa mzima ulisimama.

Sitaficha, nilifurahi kuliko yeye. Bodaboda walikuwa wananitania, "Shemeji! Leo umepikiwa, au mama yuko kwenye shoo?" na mimi nawajibu, "Studio alilipa nani?" Wakaja watu kutoka Dar na kamera, wakampiga picha ghalani kwangu, kati ya mapipa. Wasichana wa mjini walikuwa wanaucheza polepole kwenye simu, wamejifunga kanga kama wake wa warina asali, watu ambao hawajawahi kuuona mzinga. Kampuni za simu zikauchukua, ukimpigia mtu, badala ya mlio unamsikia mke wangu. Yeye mwenyewe watoto walimwekea. Alikuwa anacheka, anasema, "Sasa mtu akinipigia nitamwimbia kabla sijajua kama namdai."

Ule mkwaruzo ukaanza kuingia hata kwenye mazungumzo. Asubuhi akiniamsha, sauti kama mtu anaburuta kiti. Akasema koo lina kitu kama pumba. Nikasema mwenye asali ni mimi, koo la mke wangu litanishinda? Nikamchanganyia asali na tangawizi, nikamchanganyia na ndimu, nikampa asali ya nyuki wadogo ambayo watu wa kwetu wanaitunza kwa wagonjwa. Alikunywa yote. Zahanati wakampa vidonge. Kanisani wakasema ni uchovu wa sauti, apumzike. Wengine wakasema amelogwa, mji una wivu. Yule jamaa wa Dar aliyekuwa anataka wimbo wa pili alipomsikia kwenye simu alishangilia. "Mama, dawa usinywe!" akasema. "Hiyo sauti usiiponye, hiyo ndiyo watu wanaitaka."

Tulicheka siku hiyo. Nakikumbuka kile kicheko, chake hakikuwa na sauti, mabega tu.

Alipoanza kukohoa damu nikaiacha kazi yote nikampeleka Mwanza. Daktari alikuwa mtu wa makamo kama mimi, mpole. Akamwingiza kimrija chenye kamera kooni, akaangalia kwenye kioo. Mimi siwezi kukaa kimya, nikamwambia, daktari, huyu si mgonjwa wa kawaida, huyu ndiye mwenye ule wimbo. Akageuka. Alikuwa nao kwenye simu yake. Akautoa, akaupiga pale pale chumbani, kwa sauti ya chini, na ulipofika kwenye "moshi" akaurudisha. Akausikiliza tena hapo tu. Akaurudisha tena.

"Huu mlirekodi mwaka jana?"

"Ndiyo."

Akazima simu akaiweka mezani kifudifudi.

"Basi ilikuwepo tangu wakati huo," akasema. "Huo mkwaruzo, baba, si uimbaji. Ni uvimbe. Ulishashika kamba za sauti."

Mke wangu alikuwa amekaa kitandani miguu inaning'inia. Hakulia. Alisema kwa ile sauti yake iliyobaki, "Kwa hiyo watu wanaucheza ugonjwa wangu."

Ilikuwa saratani. Daktari akatueleza bila kuzunguka: wataondoa kisanduku chote cha sauti, watamtoboa tundu shingoni, hapo ndipo atakapokuwa anapumulia maisha yake yote. Wasipoondoa, atakufa. Nikasema niko tayari kumpeleka India, niko tayari kuuza lori. Daktari akasema hata India wataondoa. Nikataka kubishana. Mke wangu akanishika mkono. "Ondoeni," akasema.

Asubuhi ya upasuaji walipokuwa wanamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu nilitembea pembeni. Nilijua anachokisema sasa ndicho cha mwisho. Nilisubiri neno kubwa. Mtu ambaye nchi nzima inamsikiliza, nikasema ataniachia neno.

"Mapipa umefunika?" akaniuliza. "Sisimizi wataingia."

"Nimefunika."

"Hata lile la uani?"

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akasema wewe baki hapa. Lile la uani sikuwa na uhakika nalo.

Sasa tupo nyumbani na yu hai, na watu wananiambia nimshukuru Mungu. Namshukuru. Lakini wao hawaishi humu ndani. Pumzi yake haipiti puani wala mdomoni tena, kwa hiyo hawezi kupuliza moto. Asubuhi analipepea jiko la mkaa kwa mbali mpaka mkono unachoka, majivu yasije yakaruka mpaka shingoni, na mimi nikimwambia mkaa nao una moshi, niachie, ananisukuma. Pua nayo imekufa pamoja na sauti. Nilimletea asali ya msimu mpya, akafungua kifuniko, akainama kama zamani, akakaa hapo muda mrefu. Akafunga kifuniko akaenda kukaa uani. Tangu hapo hajagusa dumu. Ghala zima ni langu na sijui nilichonacho ndani.

Midomo yake inasema, mimi nashindwa kuisoma. Shule niliikimbia, nimeletewa nyingine uzeeni na hii nayo naifeli. Anarudia mara ya pili, ya tatu, halafu anaacha, anaokota kijiko mwenyewe.

Na moshi umekatazwa. Daktari alisisitiza, moshi usimkaribie kabisa, ukiingia kwenye lile tundu utamuumiza mapafu. Kwa hiyo nikitoka msituni navua nguo zote ghalani, naoga kwenye ndoo kwa sabuni, navaa nguo safi, ndipo naingia kwa mke wangu. Nje ya geti bodaboda inapita na wimbo. Unajua anachoimba.

Yule jamaa wa Dar alipiga tena. Kuna shoo kubwa, Mpanda hapa hapa, uwanja utajaa. Nikamwambia mama hana sauti. "Sauti ya nini, mzee?" akasema. "Tunapiga wimbo, yeye anatingisha midomo tu. Wasanii wote wanafanya hivyo siku hizi." Nikaona si wazo baya. Nilitaka mji umwone amesimama. Nikamweleza jikoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akafungua kitambaa anachofunga shingoni, akakishika kidole changu, akakisogeza karibu na tundu. Hewa ikatoka, ya moto, ikagonga kidole, ikarudi, ikatoka. Halafu akafunga kitambaa akaendelea kuchambua mchele. Nikampigia jamaa nikamwambia tafuta mtu mwingine.

Ninachotaka kusema hasa ni hiki. Kule Ugalla mtandao haupo mpaka upande kichuguu kimoja, kikubwa, karibu na kambi yetu. Zamani nikipanda pale nilikuwa nampigia kumwambia tumepata mzigo. Sasa nikipiga wimbo unaanza, sauti ile ya chini inakuja polepole, mimi nimesimama juu ya kichuguu na simu sikioni, nguo zinanuka moshi, na mke wangu ananiambia rudi. Halafu anapokea. Wimbo unakatika, inabaki ile pumzi ya shingoni, na ukucha wake unagonga simu kunijulisha yupo.

Siku moja alipokea mapema, kabla hata wimbo haujafika kwenye "moshi." Nikakasirika. Nilikasirika kwamba mke wangu, ambaye nilipiga magoti Mwanza ili aishi, amepokea simu. Nikamwambia kwa ukali, "Si ungeacha kwanza iite!"

Ukucha ulikuwa unagonga. Ukaacha.

Niliporudi nikaoga ghalani, nikaingia. Alikuwa jikoni. Alinitazama, si kwa hasira, alinitazama kama anavyotazama asali asiyoweza kuinusa. Akaniwekea ugali. Hatukuzungumza, na safari hii haikuwa kwa sababu ya koo.

Tangu siku ile hapokei. Nikiwa msituni jioni napanda kichuguu, napiga, anaimba. Naujua mpaka pale unapopasuka, pale daktari alipokuwa anaparudisha, na mimi ndipo ninapongoja. Unafika, unapita. Kampuni inaukata katikati ya kiitikio na yule dada wa mtandao anasema simu unayopiga haipokelewi. Warina asali wangu wako chini wanaota moto, wanadhani tajiri anaongea na nyumbani. Najua simu iko juu ya meza ya jikoni, inatetemeka, na yeye amekaa mbele yake mikono mapajani, anaiangalia mpaka inyamaze.

Nikishuka wananiuliza, "Mama hajambo?"

Nawaambia hajambo, anawasalimu.