Barua Chini ya Leso za Harusi

Mamangu alikuwa akishona kofia za vito, zile za kutobolewa vitundu, ndivyo vito vyenyewe, na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, na Likoni nzima hakuna aliyebisha kwamba mkono wake ni mkono. Nilipoposwa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, alisema mkwewe hataoa kwa kofia ya dukani. Ataishona mwenyewe. Harusi ilikuwa imebakiza miezi miwili, na kofia ya namna ile, ukiifanya sawasawa, huila miezi yote miwili.

Tatizo lilikuwa macho. Kutunga uzi kwenye sindano kulimshinda, akawa ananiita kila mara, "We mwana, njoo unitungie." Nilikuwa nikiitika "Abee" huku nimenuna, maana nilikuwa biarusi mtarajiwa na nilijiona nina kazi kubwa kuliko uzi. Mwishowe nikamvusha feri, nikampeleka kwa daktari wa macho, apewe miwani yaishe.

Daktari alimtia matone, akamwangalia kwa kitochi chake kidogo, akakawia. Jicho moja, kisha la pili, kisha akalirudia la kwanza. Mama akatoka kuketi kwenye benchi, uso ameufunika kwa buibui kwa kuumizwa na mwanga, nami nikaambiwa nibaki.

"Mamako ana presha?"

Nikacheka. Kwetu presha ilikuwa maradhi ya watu wanene, na mamangu akisimama nyuma ya mnazi humwoni. Daktari hakucheka. Alinieleza taratibu kwamba mishipa ya damu nyuma ya macho yake imekonda, na pale inapopishana mmoja umeubana mwenzake, tena kuna vidoa vya damu iliyovuja.

"Hapa ndipo pekee mwilini naweza kuiona mishipa bila kumpasua mtu," akasema. "Ikiwa hii imeharibika, ya moyoni na ya kichwani nayo naihofia. Mpeleke akapimwe presha leo. Si kesho."

Akaandika barua ya hospitali, akanipa mkononi.

Nikaitia barua mkobani, na akili yangu ilishatangulia mbele. Akipimwa ataambiwa alale, asishone. Kofia haitakwisha. Wakubwa watasema harusi ingoje, nayo ilishangoja mara moja kwa sababu ya msiba wa upande wa bwana harusi. Hayo yote niliyawaza kutoka mlangoni hadi kwenye benchi, na hatua kumi hazifiki.

"Kasemaje?" mama akauliza.

"Kasema miwani."

Haukuwa uwongo mtupu, miwani aliitaja pia. Nimelishikilia neno hilo "pia" kwa miaka mingi na halijanisaidia kitu. Barua niliiweka sandukuni, chini ya leso za harusi. Nikajiahidi kwamba harusi ikipita tu, wiki hiyo hiyo, inshallah, nampeleka.

Miwani ilimfurahisha kama mtoto. Siku ya kwanza alitunga uzi mwenyewe, akainua sindano juu nione, akanicheka. "Haya, nenda zako, biarusi. Sikutaki tena."

Lakini kichwa kilikuwa kikimuuma. Kila jioni alikifunga leso na kuikaza, akaendelea kushona. Nilimwona. "Ni miwani mipya, mama, utaizoea," nikamwambia, nikarudi kwenye mambo yangu. Najichukia nikiikumbuka sauti yangu ile, ilivyokuwa tamu.

Siku sita kabla ya harusi nilikuwa nimewekwa ndani, nasingwa kwa liwa, ule msandali wa kusagwa, siruhusiwi hata kuchungulia uani. Baada ya adhuhuri nikasikia ukelele, nikatoka hivyo hivyo na liwa usoni. Mama alikuwa mkekani, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake. Kofia ilikuwa chini ya goti lake.

Shangazi zangu wakasema amepigwa na upepo. Mmoja akaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kuomba kombe, maji yaliyooshewa aya, anyweshwe. Mimi nilijua si upepo. Nilijua peke yangu, na nikanyamaza, nikijiambia nitasema sasa hivi, sasa hivi, mpaka jua likakaribia kuchwa ndipo mjomba akaja na gari tukampeleka hospitali.

Muuguzi alituuliza, "Hakuwahi kuambiwa ana presha?"

Shangazi zangu wakatikisa vichwa. Na mimi nikatikisa.

Harusi haikusogezwa. Mama mwenyewe alikataa, kwa ishara za mkono wa kushoto. Tulifunga nikahi tu, bila ngoma wala vigelegele, na mume wangu akavaa kofia ya dukani.

Siku ya tatu baada ya nikahi nilikwenda kumwona wodini. Ulimi wake ulikuwa mzito, ikanibidi niinamishe sikio mdomoni mwake. Alikuwa ameagiza aletewe ile kofia, nayo ilikuwa kifuani pake, upande mmoja umejaa vito na upande mmoja mtupu. Machozi yalikuwa yakimtoka kwenye macho yale yale ambayo daktari aliyaangalia akakawia.

"Niwie radhi, mwanangu," akasema. "Sikuimaliza."

Barua ilikuwa bado sandukuni. Ningeweza kumwambia pale pale. Nilimshika ule mkono usiohisi kitu, nikamjibu.

"Nishakuwia radhi, mama."