Vidonge Vyekundu na Vyeupe

Kuna asubuhi moja ya miaka ya emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, ambayo bado naiona vizuri, mwanangu. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yangu ya kwanza. Mume wangu alikuwa kizuizini, nami nilikaa na mama mkwe katika kijiji cha kulazimishwa karibu na Manyatta. Filimbi ya walinzi ikilia alfajiri, wanawake wote tulikwenda kuchimba handaki la kuzunguka kijiji.

Mkunga wa zahanati alikuwa amenipa vidonge vyekundu vya kuongeza damu na vyeupe vya chokaa, vya mifupa. Aliniambia vimezwe kwa nyakati mbalimbali. Mimi niliona ni usumbufu. Nilivimeza vyote pamoja kwa chai ya maziwa, nikakimbilia handakini. Siku niliyosahau, kesho yake nilimeza mara mbili, kisha tumbo likanisokota mpaka nikatapika. Juu ya hayo nilitafuna udongo mweupe, na sikumwambia mtu.

Asubuhi hiyo nilianguka na jembe mkononi. Mama mkwe alimwomba mlinzi ruhusa, akanipeleka zahanati akinishika kiuno.

Mkunga alivuta kope yangu chini, akatazama.

"Mwezi mzima wa vidonge, na damu bado iko chini. Unavimezaje?"

Nikamweleza, nikakiri na udongo.

Hakunigombeza kwa sauti. "Ukizaa ukiwa hivi," alisema, "hata damu kidogo ikitoka, sitakuwa na la kufanya. Chokaa na chai vinazuia dawa ya damu isiingie mwilini. Udongo nao ni hivyo hivyo. Na ukimeza mara mbili unajitia sumu."

 Tulipofika nyumbani mama mkwe akasema, "Sasa nitavitunza mimi."

Tangu hapo alinipa chekundu kwa maji matupu kabla ya filimbi, na cheupe jioni baada ya uji. Udongo aliutupa. Siku ya kujifungua nilitokwa na damu nyingi, nikazimia, lakini nikaamka. Mtoto wa kike alikuwa hai. Mkunga alisema kwamba kwa damu niliyokuwa nayo miezi miwili nyuma, nisingeamka.

Kwa hiyo mwanangu, madini ya dukani, yale ya vidonge, usiyachanganye kwa kuwa tu yote yanaitwa mazuri. Ya damu yaachanishe na ya mifupa kwa saa mbili au zaidi, na chai isubiri. Ukisahau siku moja, iache ipite; usimeze mara mbili kuifidia. Mwambie muuguzi kila unachotia kinywani, hata kile cha aibu. Na uyaweke juu, maana mtoto mdogo akidhani ni peremende yanaweza kumuua.

Mungu akupe damu ya kutosha na mifupa ya kukubeba mpaka uzeeni, na mtu wa kukuuliza dawa unazimezaje.